Penseli ya Mwokaji

Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alikula jasho lake kwa kushona vitabu vilivyoachana. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba hiyohiyo aliyoishi na mumewe: meza ndefu yenye makovu ya kisu, mashine ya chuma ya kubania karatasi, mikebe ya gundi, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Watu walimletea kamusi zilizokatika mgongo, vitabu vya sala vilivyotafunwa na mende, mafaili ya ofisi yaliyomwagikiwa chai. Walimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyohivyo. Kisu chake cha kujalidi hakikuguswa na mtu mwingine. Mumewe aliwahi kukitumia kukatia kamba ya gunia la unga, mwaka wa tatu wa ndoa, na habari hiyo ilikuwa bado inatajwa mezani.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba kitabu hakichorwichorwi. Hapo ndipo ndoa ilipoingia majaribuni, maana Mwokaji, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mumewe, hakuweza kusoma bila penseli mkononi. Alikuwa akirudi kutoka kwenye tanuri la mikate asubuhi, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, anavuta kiti na kuanza kugombana na mwandishi pembeni mwa ukurasa. Mtu akioka mkate hadithini, yeye huandika, "Nusu saa? Hata chachu haijaamka!" Akimshuku mtu, huandika, "Huyu mwongo. Utaona." Na kurasa chache mbele, mwongo akishafichuka, Mwokaji huandika kwa herufi kubwa: "NILISEMA!" Hiyo ya mwisho hakuwahi kuiacha, hata wiki ya msiba wa mama yake. Fundi alilalamika hadi midomo ikamkauka.

"Ni penseli, mke wangu," Mwokaji alikuwa akimjibu. "Inafutika."

Haikufutwa hata moja.

Ukutani, juu ya meza ya karakana, palikuwa na ramani ya njia ya milimani: siku thelathini kwa miguu, kutoka lami inapoishia hadi upande wa pili wa safu nzima ya milima. Karibu na mwisho wa njia palikuwa na ziwa, ambalo kwenye ramani halikuzidi punje ya mchele. Waliibandika mwaka waliooana. Mwakani tutakwenda, walisema. Akazaliwa binti, wakasema mwakani. Paa likavuja, mwakani. Binti akaolewa mbali, wakasema sasa kwa kweli ni mwakani, ndipo kifua cha Mwokaji kikagoma. Unga aliouvuta maisha yake yote ulikuwa umemkaa mapafuni, na daktari akasema milima yake kuanzia siku hiyo ni zile ngazi za nyumbani.

"Nenda wewe," Mwokaji alimwambia mkewe.

"Peke yangu? Nikafanye nini huko?"

"Ukanitazamie ziwa. Mimi nitakuwa nakutumia chakula. Halafu ukirudi unieleze, lakini kwa urefu, Fundi. Usije na yale maelezo yako ya 'lilikuwa zuri.'"

Alisema kwa mzaha, lakini Fundi alimjua. Yaliyo ndani ya roho ya mtu hayafichiki kwa mwenzake wa miaka thelathini na moja. Mwokaji alilitamani lile ziwa kama mtu anavyotamani kumwona ndugu aliyehama zamani.

Sasa, wasafiri wa masafa marefu wana wazimu wao. Kila kitu wanakibeba mgongoni, kwa hiyo kila kitu wanakipima. Wanakata mpini wa mswaki, wanang'oa lebo za nguo, na kitabu wanakipasua wabebe kipande kimoja tu. Fundi alipoambiwa hilo alikaribia kuahirisha safari. Lakini lisilobudi hutendwa. Alichukua riwaya nene ya kurasa mia tatu, hadithi ya ndugu wawili wanaogombea kisima cha baba yao, akaikata kwa kisu chake vipande vitano sawasawa. Wakakubaliana hivi: yeye aondoke na sehemu ya kwanza. Njiani kulikuwa na vituo vitatu vinavyopokea vifurushi, na kila kifurushi kitamletea chakula cha siku kadhaa pamoja na sehemu inayofuata, baada ya Mwokaji kuisoma. Ya tano atatumiwa mwisho wa njia.

"Na alama zangu nitatia," Mwokaji alisema.

"Tia. Nimeshakipasua, nitakukataza nini tena?"

Kilikuwa kiangazi kikali. Mawe ya njiani yalitoa joto hadi machweo, mikanda ya begi ikamchubua mabega, na vijito vilivyoonekana kwenye ramani vingine vilikuwa vimebaki changarawe tu. Vijana walimpita wawili wawili, "Pole, mama!" naye akawajibu, "Mwenda pole hajikwai!" kisha baada ya hatua kumi akajikwaa. Alicheka mwenyewe, akageuka kumtafuta wa kucheka naye. Hicho ndicho kilichomchosha kuliko mzigo. Kila asubuhi, kwenye lile jiko lake dogo la gesi, alichemsha maji ya vikombe viwili kwa mazoea, akalazimika kunywa vyote viwili.

Jioni, kabla jua halijaisha, alikaa mlangoni mwa hema akasoma. Alisoma hadithi kwa macho na alama za penseli kwa sauti. "Huyu mdogo mtu ni mvivu kama mpwa wangu." "Fundi, usilie hapa, atapona." Alikuwa amekwisha kulia. Kule karakana alizichukia alama hizo kwa miaka thelathini; huku milimani alizifungua kwanza kabla ya chakula.

Siku ya kumi na sita akaanza kuuona moshi. Kwanza ulikuwa rangi tu, jua limekuwa jekundu saa nane mchana. Kisha ukawa harufu, kisha ukawa kitu cha kutafuna. Misitu ya miteremko ya mbali ilikuwa inaungua. Alijifunga leso yenye maji puani, akatembea huku macho yakimtiririka, akijiambia kwamba moshi kazi yake ni kupanda juu, na Mwokaji yuko chini. Ulikuwa uongo mdogo wa kumsaidia kutembea. Siku ya ishirini na tatu alisimama kwenye ukingo wa mlima akautazama mchana kutwa ukimiminika bondeni, upande wa mji wao, ukatulia huko.

Kesho yake saa nne akafika kituo cha tatu, nyumba ya mawe yenye benchi na redio ya mawasiliano. Msimamizi wa kituo, mtu wa makamo mwenye barakoa iliyokwisha kuwa nyeusi, alimpa kifurushi chake na habari.

"Mama, njia inafungwa leo. Anayetaka ziwa aondoke sasa hivi, ni siku moja na nusu, atatokea upande wa pili. Asiyetaka, lori linashuka saa nane."

"Simu je?"

"Mnara umeungua tangu juzi. Hii redio ni ya zimamoto tu."

Siku moja na nusu! Fundi alikaa kwenye benchi akafungua kifurushi huku miguu imeshaamua kwenda. Biskuti, dengu, soksi, sehemu ya nne. Akafunua. Alama zilikuwapo kama kawaida, na ukurasa wa mia mbili na tatu Mwokaji alikuwa ameandika, "Kaka mtu anadanganya. Hati anayo yeye. Utaona." Akafunua mbele kidogo, apate lingine la kumchekesha kabla ya kuondoka. Hakuna. Akafunua tena. Labda amechoka, akajisemea, labda hadithi imemnogea akasahau penseli. Alikwenda mbio hadi ukurasa wa mia mbili na kumi na tisa, na pale hati ya kisima ilianguka kutoka kwenye koti la kaka mtu, mbele ya watu wote.

Pembeni palikuwa peupe. Hapakuwa na "NILISEMA!"

Kurasa thelathini na saba, hadi mwisho, zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani leo. Maisha yake yote alimwomba mume wake kurasa safi, na sasa amezipata.

"Mama, wengine wanaondoka," msimamizi alimwambia. "Unakwenda ziwani?"

Fundi aliitazama njia. Ilipanda kwa upole kati ya mawe, nyepesi kuliko zote alizopita. Alitamani kwenda, na nisiseme uongo kwa niaba yake: alitamani sana, hadi meno yakamuuma. Lakini mshika mawili moja humponyoka.

"Ninashuka," alisema.

Alitia saini kwenye daftari la kituo akaondoka na kalamu ya watu bila kujua. Aliigundua akiwa ndani ya lori, kati ya wazima moto waliolala wamekaa. Akaitazama. Akafungua sehemu ya nne ukurasa wa mia mbili na nne, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaandika ndani ya kitabu.

Alifika mjini kesho yake alasiri. Moshi ulikuwa umetanda mtaani, na kila dirisha lilikuwa limetundikwa shuka mbichi. Wifi yake, dada wa Mwokaji, ndiye aliyemfungulia mlango.

"Ebo! Nani kakuambia?"

"Yuko wapi?"

"Yupo, yupo ndani, tulia. Tumetoka hospitali jana, siku sita na mashine ya hewa. Kifurushi nilikituma mimi. Alinikataza nisitie hata neno, wifi. Alisema ukijua utarudi kabla ya ziwa."

Mwokaji alikuwa ameegemezwa mito mitatu, amepungua hadi shati limekuwa la mtu mwingine. Alipomwona mkewe mlangoni, na lile begi mgongoni na masizi shingoni, macho yalimwaka. Hata salamu hakutoa.

"Umeliona?"

"Sikufika."

"Ilibaki siku ngapi?"

"Moja na nusu."

Akageuza uso akatazama ukuta. Kifua kilikuwa kikilia filimbi.

"Ungefika tu," alisema hatimaye. "Mimi ningekungoja."

"Ungeningoja?"

Hakujibu. Walikuwa wamefichana mengi katika ndoa yao, bei za viatu na barua za daktari, lakini mtu akiuliza jambo ana kwa ana hakudanganywa. Fundi aliweka sehemu ya nne kitandani, akaenda kuoga. Maji yalitoka meusi, akalia humo humo bafuni, akililia ziwa na kulia kwa furaha ya kumkuta hai, hajui ni chozi lipi la kipi.

Siku mbili Mwokaji alinuna. Alikula, alimeza dawa, alijibu "ndiyo" na "hapana". Siku ya tatu Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha akitia uzi kwenye sindano, aanze kukishona kile kitabu upya, aliposikia sauti nyuma yake iliyoanza kama kikohozi ikawa kicheko. Aligeuka. Mume wake alikuwa ameshika sehemu ya nne.

Ukurasa wa mia mbili na nne uliandikwa, "Lori hili halina springi." Wa mia mbili na tisa: "Nimekula biskuti zako za mwisho. Zimevunjika lakini ni tamu." Wa mia mbili na kumi na nne: "Usiwe umekufa, tafadhali, nimechoka sana." Na wa mia mbili na kumi na tisa, mbele ya ile hati iliyoanguka, kwa herufi kubwa: "ULISEMA!"

Mwokaji alicheka hadi pumzi ikamkata, ikabidi Fundi amshike mgongo na kumpa dawa yake ya kuvuta. Alipotulia, machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, wala hakuyafuta.

"Umeandika kwa wino," alisema.

"Ndiyo."

"Kwenye kitabu."

"Ndiyo, mume wangu, nimeona."

Akaupapasa ule ukurasa kwa kidole. "Ziwa lile sitaliona, Fundi. Hata kwa macho yako."

"Hutaliona," Fundi alisema. "Lakini naweza kukueleza njia mpaka kituo cha tatu."

"Kwa urefu?"

"Kwa urefu. Mpaka utaniomba ninyamaze."

Mwokaji alifikiri. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza ya kitandani akaichukua sehemu ya tano, ambayo hakuwahi kuifungua. Kurasa sitini.

"Tusiimalize haraka," alisema. "Mbili kwa siku. Itatuchukua siku thelathini, kama ile njia. Wewe kila siku unanieleza siku moja."

"Na zile siku za mwisho, ambazo sikutembea?"

"Tutaona tukifika."

Alitafuta penseli yake chini ya mto. Ilikuwa imevunjika ncha tangu siku aliyobebwa kupelekwa hospitali. Fundi aliichukua, akafungua kisu chake cha kujalidi, akaichonga taratibu juu ya kiganja, akamrudishia. Mwokaji akakitazama kisu, akamtazama mkewe. Kisha akafungua ukurasa wa mia mbili arobaini na moja.