Goti Lililongoja Kufunguliwa

Sindano tulikuwa tunaijua. Ilifika kwetu Ruponda wakati wa buba, watu wakachomwa matakoni, na vidonda vilivyowala miaka na miaka vikakauka mbele ya macho yetu. Lakini sindano ya kuchomwa ndani ya goti lenyewe sikuwahi kuiona wala kuisikia, mpaka siku nilipompeleka mama yangu hospitali ya Nachingwea, miaka michache baada ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga kuvunjika.

Goti la kulia la mama lilikuwa limevimba mwaka wa nne. Lilizungukwa na chale za waganga watatu, na kila dawa ilikuja na mwiko wake: huyu kakataza chumvi, yule kakataza kuvuka mto, mpaka mwenye dawa aje mwenyewe kuufungua mwiko wake. Mama aliifuata yote. Kilichomuuma zaidi hata hivyo ni sala. Alisali ameketi kwenye kigoda, na wenzake waliposujudu yeye aliinamisha kichwa tu, akabaki juu peke yake. Aliniambia mara moja, "Naona haya mbele ya Mungu." Nilimjibu kwa ukali kwamba Mungu analiona goti lake. Mimi ni mtu wa ubishi tangu utoto.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Dresa wake, yaani msaidizi wake wa kufunga vidonda, mzee wa Kimwera mwenye mvi, ndiye aliyetufasiria. Daktari alimlaza mama, akalipaka goti dawa ya kahawia, akaingiza sindano kando ya mfupa. Akavuta. Maji ya njano yakajaa bomba la sindano, akayamwaga kwenye bakuli, akavuta tena. Mama hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyeshika ukuta. Kisha, bila kuichomoa sindano, akabadili bomba na kusukuma dawa nyeupe kama tui.

"Asikunje goti siku tatu," dresa akasema.

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umekwisha. Nilimwambia mama anyooshe miguu yote miwili mkekani, nikatazama, nikashindwa kujua lipi lilikuwa goti bovu. Dawa gani ile, haijai hata kijiko, inayoijua njia ya kwenda kwenye maumivu na kuyazima? Mpaka leo sijaacha kustaajabu.

Lakini mama hakukunja. Siku ya nne hakukunja, wala ya kumi. Alitembea bila maumivu yoyote, mguu umenyooka kama mchi, na akisali ni kwenye kigoda kile kile.

"Mama, siku tatu zimepita!"

"Zimepita. Ila mwenye dawa hajaufungua mwiko."

"Dawa ya hospitali haina mwiko!"

"Si alisema nisikunje? Aliyefunga ndiye afungue."

Nilifoka, nikanuna, nikamshtaki kwa shangazi. Haikusaidia kitu. Mwishowe tukafunga safari tena, na kuku mmoja kwapani wa kufungulia mwiko.

Daktari alilitazama goti, akasema limepona, na kuku ni wa nini? Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Dresa alimweleza kwa Kiingereza, polepole, maneno mengi. Nilingoja daktari acheke. Hakucheka. Alipiga magoti sakafuni na suruali yake nyeupe, akaweka viganja vyote viwili juu ya goti la mama, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama, mimi nafungua. Kunja."

Goti likakunjika. Lilitoa mlio mdogo, likaenda mpaka mwisho, na mama akalitazama kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Alishuka kitandani, akamuuliza dresa kibla ni upande gani, akatoka barazani, akatandika khanga yake, akasujudu. Paji la uso likagusa chini.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaogopa kwamba goti limemkwama, nikainama nimshike bega nimwinue.

"Niache kwanza, mwanangu," akasema bila kuinua uso. "Unajua ni muda gani sijafika huku?"