Nilikaza Nati ya Kabureta, Sasa Shemeji Analeta Ng'ombe

Mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche kabisa. Andika Kakamega tu, watu ni wengi hapa. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, nina mke na watoto watatu, na duka la mbegu na mbolea mjini. Si mtu mbaya. Nina kasoro moja: simwamini mtu upesi, na mpaka mwezi jana nilidhani hiyo ndiyo akili.

Tulipopata Uhuru, mzungu mmoja wa upande wa Lugari aliuza shamba akarudi kwao, nami nikanunua gari lake. Usifikiri ni gari la kubebea mahindi. Ni gari la mashindano, limefungwa supachaja, ile mashine inayozungushwa na mkanda na kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Likinguruma karibu na soko, hata wauza kuku wanaacha wateja wakatazame. Mtu mwenye shukrani angetosheka. Mimi nilitaka nguvu zaidi, nitoke Kakamega mpaka Mumias bila kupitwa na mtu.

Fundi niliyemjua ni mmoja, ndugu wa mke wangu. Nitamwita Makokha, si jina lake. Alijifunza kazi kwenye karakana za mashamba ya wazungu. Akachora mpango kwa chaki kwenye mlango wa bati wa gereji yake: kwanza pampu kubwa ya petroli, pili nati ya kabureta ilegezwe imwage petroli zaidi, mwisho puli ndogo ya ule mkanda ili supachaja izunguke kwa kasi.

"Shemeji, mafuta kwanza, hewa baadaye," aliniambia. "Injini ikipata hewa nyingi na petroli kidogo, moto wake unakuwa mkali mpaka pistoni inayeyuka."

Nikaitikia kwa kichwa. Kusema kweli sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia mikono yake.

Alipomaliza pampu na kabureta, gari likaanza kunywa petroli vibaya sana. Moshi mweusi nyuma, harufu mpaka kwenye shati langu. Nikauliza, akasema nivumilie, puli bado haijafika kutoka Nairobi. Nivumilie nini, na tangi ndilo langu? Siku nyingine nikaona debe la petroli chini ya meza yake, limefunikwa gunia. Tena mke wangu alikuwa akimpelekea obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mchana, na mimi nikitokea wananyamaza wote wawili. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ananiibianga petroli, na dada yake anajua.

Angekuwa fundi wa nje ningemkamata shati. Lakini kwetu ndugu wa mke huwezi kumwita mwizi. Ukimtukana huyo umetukana boma lote ulikotoa mke, na wazee wataketi kwa sababu yako. Basi nikafanya mambo yangu kimyakimya. Jumapili moja, wao wakiwa kanisani, nilichukua spana nikaikaza nati iliyo chini ya kabureta, ile niliyomwona akiilegeza. Nikaizungusha mpaka harufu ikaisha na moshi ukakatika. Nikacheka peke yangu. Nikasema sasa tuone ataiba nini.

Jumanne puli ikafika. Mimi nilikuwa nimemwachia gari na ufunguo, nikaenda Bukura kupeleka mbegu. Makokha akaifunga, akalitoa gari kulijaribu kwenye njia ya Mumias, na hakwenda mbali. Pistoni mbili zilitoboka. Lilivutwa na trekta kurudi mjini, watu wakitazama, na kuanzia siku hiyo wenye magari wanamwita fundi wa kuua injini. Walioacha magari kwake wamekuja kuyachukua. Gereji imefungwa.

Alikuja kwangu, hakukubali hata kiti. "Shemeji, nimekuharibia gari," akasema. "Labda nilipima vibaya. Nitakuletea ng'ombe."

Hapo ndipo ningesema ukweli, wasomaji. Nilimtazama mtu akijilaumu kwa kosa langu, nikamwambia tutaongea.

Mke wangu aliposikia habari ya ng'ombe alikaa chini akalia. "Baba watoto, hiyo ni ile ng'ombe ya mahari yangu," akaniambia. "Baba alimwekea ndugu yangu aolee. Msichana yuko, wazee wamesharidhiana. Ndiyo tulikuwa tunapanga kila nikimpelekea chakula, na alitaka yeye mwenyewe akuambie." Na lile debe? Nilikuja kuambiwa ni petroli chafu ya kuoshea vyuma. Kila fundi analo.

Nilijiona mdogo sana. Lakini shuku haijaniacha, na hii ya sasa ndiyo inaninyima raha. Juzi nilikwenda lilikoegeshwa, uani pa gereji yake, nikafungua boneti. Kabureta imefunguliwa na kuoshwa, na ile nati imelegezwa tena, kama alivyokuwa ameiacha yeye. Mimi sikuigusa. Kwa hiyo Makokha ameona. Anajua kuna mkono uliopita pale, na mbali na yeye, aliyeshika ufunguo wa gari hilo ni mimi tu. Mbona hasemi? Je, naye anaona haya kumwita shemeji yake mwongo? Ama ananingoja nijitaje mwenyewe? Nikikutana naye njiani ananisalimu vizuri kabisa, ananiuliza habari za watoto.

Jumamosi anakuja na ng'ombe, pamoja na baba yake na wazee wawili. Nikisema ukweli, mke wangu atajua kwamba nilimdhania yeye na ndugu yake wizi, na sijui kama atanitazama tena kwa macho yale yale. Nikinyamaza, nitapokea kamba mkononi mwangu na kijana wa watu atabaki bila kazi na bila mke. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wenye wake na mashemeji, niambieni: nimfuate leo nikiwa peke yangu, au ningoje nijitaje mbele ya wote? Jibuni haraka. Jumamosi si mbali, na mke wangu ameshaanza kufagia mahali pa kufungia huyo ng'ombe.