Chai ya Mpima Damu
Kabla hajamshika mtu mkono, mpima damu wa zahanati ya Kwa Mathias husugua viganja mpaka vipate joto, kisha hugongagonga mshipa kwa vidole viwili huku akiuliza habari za shamba. Sindano huingia mgonjwa bado anaieleza mihogo yake. Asubuhi hiyo Bi Mwanne, aliyetoka Kisarawe kupima mafuta kwenye damu, alimkuta barazani ndiyo kwanza anajimiminia chai.

"Shikamoo mama. Umekunywa chai?"

"Marahaba. Sijala tangu jana, majirani waliniambia nije na njaa."

"Kipimo hiki cha kawaida hakihitaji njaa, mama. Ikihitajika, daktari hukwambia mwenyewe." Akamsogezea kikombe.

"Ahsante, mwanangu, ila niliona njaa isiende bure. Leo Alhamisi, nikanuia funga ya sunna kabisa."

Mpima damu akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akairudisha chai kwenye chupa, akaificha nyuma ya mlango, akaanza kusugua viganja.

Alipokwisha kutolewa damu, Bi Mwanne alipita nyuma ya mlango, akaitoa ile chupa na kumwekea mbele yake.

"Kunywa, baba. Aliyenuia ni mimi."