Ami alisema mimi ni "fundi" tu, posa nusura ivunjike

Wakuu, salaam kwenu. Haya hayakumpata jirani wala rafiki ya rafiki. Yalinipata mimi, na mke wangu yuko hapa sebuleni, nikiongeza chumvi atanisuta.

Miaka ya tisini nilikuwa natengeneza breki za malori Shimanzi. Nikampenda Mwanasha, binti wa Mji wa Kale. Posa ikapelekwa na ami yangu, ndugu yake baba.

Ami yangu si mtu wa maneno mengi. Alipoulizwa kazi yangu akajibu, "Ni fundi." Basi! Wakwe zangu wakafurahi, posa ikakubaliwa.

Siku chache baadaye nikaalikwa chakula cha mchana. Kanzu mpya, marashi, niko full.

Kabla sinia haijafika, baba mkwe akanipakatisha saa ya ukutani. "Imesimama tangu Ramadhani. Hebu itazame."

Sijajibu, shangazi yake Mwanasha akaitandika hariri juu ya ile saa. "Nataka gauni la harusi yenu. Mikono mirefu." Akanyoosha mikono nimpime!

(Kwa wageni: kwetu wa nguo ni fundi, wa nyumba fundi, wa saa fundi, hata mganga mtu humwita fundi.)

Mimi natokwa jasho tu. Nikikataa, wataniona mjeuri. Nikikubali, gauni lenyewe nitalishona kwa spana?

Bibi yake Mwanasha naye akang'aka toka kitandani, "Fundi ni mwenye kufunda! Mwari hufundwa na mwanamke mwenziwe. Huyu mwanamume amfunde nani? Posa irudishwe!"

Wakuu, hapo nikaona mke anaondoka hivi hivi. Nikapaza sauti, "Bibi, mimi ni fundi wa breki!"

Shangazi akaivuta hariri yake polepole.

"Breki za nini?" akauliza baba mkwe.

"Za malori."

Nyuma ya pazia Mwanasha akaangua kicheko. "Baba, si nilikwambia mikono yake haiishi mafuta?"

"Nilidhani ya saa!"

Bibi akafikiri, kisha akahukumu: "Basi na ayafunde malori yake. Wari atuachie sisi."

Sinia ikaletwa. Nilikula kama niliyetoka jela.

Funzo: ukienda kuposa, taja kazi yako yote, usiikate katikati.

Haya, huko kwenu ukisema "fundi" anakuja nani? Na wajuzi wa lugha mtusaidie: fundi na kufunda ni ukoo mmoja kweli, au bibi alitupiga changa la macho?