Kisu Kilichobaki Jikoni

Miaka hiyo Kitengela ilikuwa bado haijaamua kama ni mji au ni mbuga. Ukifungua mlango wa nyuma wa ploti yetu asubuhi, ungewakuta nyumbu wamesimama kwenye ukungu, hatua chache kutoka kwenye kamba za kuanikia nguo. Upepo ukitoka upande wa kiwandani, vumbi jeupe la saruji lilitua juu ya migongo yao, juu ya nguo zetu, na juu ya viatu vya baba. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda hicho. Nikimkumbuka, huanzia miguuni: viatu vyeupe, kisha suruali iliyobanwa kwa kibanio cha nguo isishikwe na mnyororo, kisha mkono ulioshika baisikeli. Uso huja mwisho, na siku nyingine hauji.

Mama alikuwa ametangulia kwa ugonjwa. Baba aliuawa akitoka kazini, kwa ajili ya baisikeli na saa ya mkononi. Mtu aliyemuua alikuwa ameua wengine kabla yake kando ya barabara ya Namanga, hata watoto walitishana kwa jina lake la utani wakicheza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Nyuma yangu alikuwako mdogo wangu wa kike, na nyuma yake kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka sita.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka magharibi kumchukua ndugu yake akazikwe kwao. Jeneza lilikuwa mezani mbele ya nyumba, adhuhuri, jua kali, kwaya ya kanisa ikiimba polepole kama watu waliosinzia. Kabla kifuniko hakijapigwa misumari, alinivuta nyuma ya pazia tulipokuwa tukipikia.

"Niletee kisu."

"Kisu gani, baba?"

"Cha nyumba hii. Mtu aliyeuawa haendi mikono mitupu. Anawekewa kisu, amtafute aliyemuua. Wewe ndiye wa kwanza, wewe ndiye utamwekea."

"Na pasta?"

"Pasta yuko na chai. Mwache pasta na chai yake."

Akatoka nje anisubiri. Kitinda mimba alikuwa ameshika pazia, amesikia yote. Nikamwambia aende kwa dada yake, akaenda huku akiangalia nyuma.

Tulikuwa na kisu kimoja. Kilikuwa cha mama, mpini wa mbao wenye alama nyeusi, mahali ambapo kitinda mimba aliwahi kukilaza juu ya jiko kikaanza kuungua. Nimekisimamisha kisu hicho mbele ya macho yangu mara nyingi tangu siku ile, nikijaribu kukumbuka kama niliwaza juu ya Mungu, au juu ya amri ya sita, au juu ya roho ya yule muuaji. Sikuwaza hayo. Niliwaza: kesho nitakata mboga na nini?

Miiko tulikuwa nayo miwili, na mmoja ulikuwa umepasuka ncha. Nikaufunga uliopasuka kwa foronya ya mto, nikaufunga tena, nikatoka nao. Nikauweka chini ya mkono wa kulia wa baba. Mkono ulikuwa baridi na msafi, hauna hata chembe ya saruji, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Baba mkubwa akaona umbo lile refu gumu ndani ya kitambaa, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa nenda ukafanye kazi yako," akamwambia ndugu yake.

Kisu kilikuwa ndani ya debe la unga. Tuliporudi kutoka mazishini niliuzungushia mpini wote kipande cha tyubu ya baisikeli, alama nyeusi isionekane, nikawaambia wadogo zangu kwamba jirani ametupatia kisu. Kitinda mimba akaniuliza, "Kile kingine baba ako nacho?"

Nikasema, "Ako nacho."

Sikurudi shule. Nilipanga masanduku mawili kando ya njia watu wanaposhuka kutoka kazini Nairobi, nikawa mama mboga. Lori kutoka Loitokitok lilileta nyanya na kabichi, sukuma nilichukua kwa wakulima wa karibu. Wanawake wa ofisini hawana wakati wa kukata mboga, kwa hiyo nilikata mimi, nyembamba kama nywele, wakinisubiri wamebeba viatu vyao vizuri mikononi wakati wa matope.

Yule mtu alikamatwa mwaka uliofuata. Niliitwa kortini Kajiado kuitambua saa ya baba. Nilitarajia kuona mnyama. Niliona mwanamume mwembamba aliyevaa viatu visivyo na kamba, aliyepiga miayo wakati hakimu akisoma. Hakimu alisoma kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka, na mwisho akasema atanyongwa. Nje watu walipiga makofi. Mama mmoja ambaye mtu huyo alimuulia mwanawe alinishika mabega akasema, "Wanipe hiyo kamba niivute mwenyewe. Na nisile siku hiyo, nishibe hiyo."

Baba mkubwa naye alikuwa amesafiri kuja kusikiliza. "Umeona?" akaninong'oneza. "Kisu kimefanya kazi."

Nikasema ndiyo, akilini nikauona ule mwiko.

Baada ya hapo baba alianza kunijia. Ilikuwa mchana, saa ile jua limenyoosha kila kitu na wateja hawajarudi, nikisinzia juu ya gunia. Alikuja akitembea katikati ya nyumbu, wao wakimpisha bila kukimbia, viatu vyake vyeupe havigusi nyasi. Alikuwa amebeba mwiko begani kama jembe. Hakukasirika. Alipita tu, kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni nini, na mimi nilitaka kumwita nikakuta mdomo umejaa unga. Nikiamka, sukuma zilikuwa zimenyauka kidogo.

Yule mtu hakunyongwa. Miaka hiyo nchini hakuna aliyenyongwa. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, kitinda mimba akaanza kunyoa ndevu, na kila taarifa ya habari alisimama karibu na redio kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Alikuwa ameanza kuniita Mathe, kama vijana wanavyowaita mama zao. "Mathe, leo pia hawajasema kitu."

Palikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyeuza maziwa karibu nami. Tulikuwa tukisalimiana, "Sopa," "Epa," kisha tukisengenya wateja. Siku moja aliniuliza kesi ya mtu aliyemuua baba yangu imefikia wapi.

"Anangoja kunyongwa."

"Kwetu mtu akiua, watu yake wanaleta ng'ombe. Zizi mzima. Hao watoto wanakunywa maziwa. Nyinyi mtapewa nini?"

"Atakufa."

"Akishakufa, mnakunywa nini?" Akacheka mpaka akashika kibuyu kisianguke. "Nyinyi watu ya shule!"

Nilicheka naye, lakini neno lake lilinikalia. Si kwamba nilitaka ng'ombe. Nilianza kumwaza mtu ambaye angepewa kazi ile ya kunyonga, maana kamba haijifungi yenyewe. Angekuwa mtu mwenye nyumba. Angetoka kazini, angenawa, angepitia kwa mama mboga kama mimi, amwambie nikatie sukuma, na ningemkatia bila kujua. Mimi nilipewa kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na sita, jikoni nyuma ya pazia, na aliyenipa alikuwa mtu mzuri mwenye uchungu. Sijawahi kumsamehe yule mtu. Lakini sitaki mtu mwingine apewe kisu changu.

Kisha rais akatangaza kwamba wote waliohukumiwa kunyongwa sasa watafungwa maisha. Kitinda mimba alikuja kwangu alasiri hiyo akitembea haraka, macho mekundu. Alikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nakata mboga.

"Umeskia? Wamemwachilia."

"Hawajamwachilia. Ni maisha."

"Maisha! Mzee alipewa maisha?" Akapiga teke sanduku la nyanya. Kisha akatulia ghafla, na utulivu huo ndio ulionitisha. "Ni sawa. Serikali ikae na huruma yake. Mzee ako na kisu. Hiyo ndiyo imenifanya nilale hii miaka yote, Mathe. Mzee ako na kisu."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Kilikuwa kimelika kwa kunolewa hadi kikawa chembamba kama jani la mhindi. Ningeweza kuendelea kukata. Alikuwa ndiye mtoto niliyemlea, na uongo ule ndio uliokuwa mto wake wa kulalia. Nikiuondoa, ningeweza kumpoteza. Nikiuacha, angezeeka akisubiri maiti imuulie mtu.

Nikaanza kuusokotoa ule mpira wa tyubu. Ulikuwa umegandamana na mpini, ukatoka vipande vipande. Chini yake mbao ilikuwa bado nyeupe, kama mguu uliotolewa kwenye plasta, na ile alama nyeusi ilikuwa pale pale.

Aliitambua. Akaigusa kwa kidole.

"Aliwekewa nini?"

"Mwiko."

Aliondoka akiacha nyanya zikibingirika njiani, nami nikaziokota moja moja. Jioni dada yetu, ambaye anafanya kazi ya usafi kwenye ofisi za serikali Kajiado, akanipigia simu. "Ako hapa kwangu. Hasemi. Anakula kidogo, analala sana."

Alikaa huko siku tisa. Siku hizo nilisinzia mchana kama kawaida, lakini baba hakupita.

Siku ya kumi nilimwona kitinda mimba akija kutoka barabara kuu, vumbi la saruji kwenye viatu vyake. Akageuza sanduku tupu akakaa.

"Huo mwiko," akasema. "Ni ule ulikuwa umepasuka?"

"Huo huo."

"Ule wa kutuchapa?"

"Huo huo."

Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na sikujua ni kilio au ni nini hadi alipoinua uso. "Basi huyo jamaa ako na shida kubwa," akasema, akicheka na machozi yakimtoka. "Ule mwiko mimi naujua."

Kisha akajifuta machozi. "Mimi bado ningetaka anyongwe, Mathe. Nisikudanganye."

"Najua."

"Na wewe?"

"Nataka azeeke."

"Tutamwambia baba mkubwa?"

"Mwache baba mkubwa na chai yake."

Mteja alikuwa amesimama akisubiri sukuma. Ndugu yangu akachukua kisu mkononi mwangu, akakishika kwa mpini ule mtupu, akaanza kukata. Alikata vipande vikubwa, vibaya. Mteja akauliza kama hiyo ni ya watu au ya ng'ombe, na yeye akamwambia, "Leo utakula hivyo hivyo, mama."