Kiatu cha Mtoto Yesu

Leo sina nguvu ya kwenda sokoni kununua viatu, kwa hiyo nimepasha kisu moto niunge kiatu cha plastiki cha binti yangu kilichokatika. Harufu ya moshi wa plastiki imenirudisha utotoni, sebuleni kwetu, kijijini Izimbya.

Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria amembeba Mwanawe, kiatu kimoja cha mtoto kikining'inia mguuni. Katekista alitufundisha kwamba Yesu aliogopa, akamkimbilia mama yake, ndipo kikamvuka.

Siku moja wingu la mvua lilitanda, mama akaniita tuanue kahawa iliyoanikwa uani. Nikatorokea kibanjani, katikati ya migomba, na kiatu changu kikakatika. Niliporudi, mama alikuwa amekaa chini sebuleni, amelowa, magunia ameyabeba peke yake. Fimbo ilikuwa pembeni yake. Nikawahi kumwonyesha ile picha ukutani.

“Mama, hata Yesu kiatu kimemvuka.”

Aliitazama kwa muda mrefu. Fimbo hakuigusa. Alikipasha kisu kwenye makaa, akaunga kiatu changu taratibu, akanivalisha.

“Yeye alimkimbilia mama yake,” akasema. “Wewe ulinikimbia.”