142857 Uani Kwetu Mtendeni

Enzi zetu pale Tabora, mtaa wa Mtendeni, wakati wa Mwingereza, hesabu ilikuwa na jasho. Hakukuwa na cha kubonyeza. Ukipewa namba ndefu unakabana nayo mwenyewe kwenye kibao chako, ulimi nje, tumbo limetulizwa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, na huko nje unawasikia wenzako wameanza mchezo wa kombolela bila wewe.

Nilikuwa darasa la nne, na Baba, fundi cherehani, alikwisha sema mwaka huo ndio wangu wa mwisho. Mtoto wa kike akijua kusoma barua na kupima kitambaa, inamtosha. Sikubishana naye, mzazi hakubishiwa. Nililia peke yangu.

Siku moja mwalimu akatuandikia 142857, tuizidishe kwa mbili. Nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Nikafuta, nikidhani nimenakili ovyo. Nikarudia: tarakimu zile zile sita, zinafuatana vile vile, ila zimeanzia pengine. Kwa nne, kwa tano, hata kwa sita, mambo ni hayo hayo.

Jioni nikamweleza Babu, mzaa baba, aliyeniita mchumba kama babu wote wa kwetu. Hakuamini mpaka alipovuta bao lake akajaza mashimo sita: kete moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Kila nilipotaja jibu, alitafuta shimo la kuanzia, akasoma akizunguka.

"Mchumba, namba hii inacheza bao!" Alicheka mpaka akakohoa.

Baba alikuwa akishona pembeni. Mara akauliza, "Na mara saba?"

"Itazunguka tu, Baba."

Nikapiga hesabu. 999999. Nikarudia. Tisa tupu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijiona nimeharibu mbele ya mtu yule yule niliyetaka anione nafaa kusoma.

Baba akasimamisha cherehani. "Kwa nini?"

"Sijui, Baba. Mwalimu anasema hayo yanafundishwa madarasa ya mbele."

Akauma uzi, akanitazama. "Basi utakwenda ukaniulizie."

Nikaenda. Likizo moja nikarudi na jibu: gawanya moja kwa saba, zinatoka tarakimu zile zile 142857 bila kikomo; kila hatua kinabaki kitu, na mabaki yako ya aina sita tu, kwa hiyo yakiisha yanaanza upya. Ukizidisha, unaanzia kwenye baki jingine tu, ndiyo maana tarakimu zinazunguka; na milioni ukiigawa kwa saba inabaki moja, ndiyo maana mara saba unafika milioni kasoro moja. Baba alinirudisha nieleze tena, na tena, suruali ya mteja imelala mezani.

Siku hizi wajukuu wangu wanabonyeza simu, jibu linatoka, nao wamesharudi kwenye picha zao. Nawatania kwamba vidole vyao vimesoma kuliko wao. Lakini hakuna binti kati yao anayeambiwa darasa la nne linamtosha, na hilo linanifurahisha sana. Natamani tu wangeuona uso wa Baba siku ile, mtu mzima na ndevu zake, anataka kujua.